Nimewasomea kidato cha tatu vitabu vya manusura, mara ya kwanza nikaharibu. Walimu wenzangu njooni

chaki_na_vumbi

Wakuu habari za jioni. Uzi mrefu kidogo, mwenye haraka apite tu.

Mi ni ticha wa English kwenye shule moja ya kata huku Ngara, jina naliacha. Kidato cha tatu wangu wako 64 kwenye chumba cha watu arobaini. Mwezi wa pili kuna dogo alimwita mwenzake "mkimbizi" kisa sweta limetoboka kiwiko, darasa zima likacheka na yule binti nae akacheka, ila huku anacheka akawa ameziba kiwiko kwa kiganja. Kile kiganja ndo kilininyima usingizi. Ambao hamjaishi huku mjue kwamba "mkimbizi" ni tusi la kila siku, ukila haraka we mkimbizi, ukibeba begi kubwa mkimbizi, ukilala bwenini na viatu mkimbizi, na wanaolitumia ni watoto wa 2008 na 2009 ambao Benaco kwao ni pale maroli yanapopaki na chipsi zinapouzwa basi. Hawajui kwamba tarehe 28 Aprili 1994 ndani ya kama masaa 24 watu wanaokadiriwa laki mbili na nusu walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa miguu na magodoro kichwani wakaja kukaa hapohapo.

Basi nikajifanya mbunifu. Nina kitabu cha Immaculée Ilibagiza, yule Mnyarwanda aliyejificha siku 91 na wanawake wengine saba kwenye bafu la mchungaji wakati wa mauaji ya kimbari ya mwaka huohuo 1994. Bafu lenyewe futi 3 kwa 4. Nikasema hawa watoto wasisikie tu, waonje. Nikasogeza madawati, nikachora mstatili sakafuni kwa chaki, futi 3 kwa 4, nikaita wasichana wanane nikawaambia ingieni humo dakika tano, kimya, nje kuna watu wana mapanga.

Dakika ya kwanza vicheko. Ya pili wavulana wa nyuma wakaanza kugonga madawati kwa rula wanasema "tunakuja, tunakuja", na mimi mjinga nikaona kumbe inanoga. Ya tatu binti mmoja akachuchumaa akaziba masikio, nikajua anaigiza. Hakuwa anaigiza. Alitoka mbio hakurudi shule siku mbili. Nilipoenda kwao nikamkuta mama yake anachambua mchele, hakuniinukia, kumbe walivuka nae kutoka Burundi 2015 akiwa na miaka sita. Akaniambia, mwalimu, mimi hayo nimemfunika miaka kumi, wewe umemfunulia kwa chaki.

Sijui mwenzangu ungejibu nini. Mi nilisema samahani mama nikabaki nimesimama.

Sasa sijaacha, nimerudi na njia nyingine na kuna vitu vimefanya kazi, ntaeleza chini, ila kwanza nataka kusikia wenye uzoefu. Na msinipe ile ya "somo la maadili lipo", najua lipo.

mzee_wa_necta

Mkuu pole na hilo. Ila swali moja, hivyo vitabu viko kwenye orodha? Kama havipo unachoma vipindi. Kidato cha nne wakipata ziro afisa elimu hatakuuliza nani alikuwa na roho nzuri. Afu tuseme ukweli, mtoto hawezi kuandika hata barua ya kuomba ruhusa kwa Kingereza unampa mauaji ya Rwanda? Tuanze na tenses kwanza.

chaki_na_vumbi

Mzee hoja ya orodha naipokea. Natumia kipindi kimoja kila baada ya wiki mbili, Ijumaa cha mwisho, kile ambacho wote tunajua ni cha kusinzia. Na Kingereza ndo kimefaidika, maana nasoma aya moja polepole kwa Kingereza, naitafsiri papo hapo, wao wananisahihisha Kiswahili changu. Juzi wamebishana robo saa kama "ashamed" ni aibu au fedheha. Hiyo kwenye tenses hujawahi kuipata na mimi sijawahi.

dada_wa_mkunazini

Assalaam aleikum. Mie si mwalimu ila nna neno. Tatizo mnatafuta huruma, na huruma ndo yenyewe iliyokuwepo siku ile ya sweta. Yule alocheka ukimuuliza atakwambia namwonea huruma hana sweta. Huruma ni ya mtu alosimama juu anatazama chini. Kwetu Unguja kuna "mtu wa imani", huyo ni mwengine kabisa, huyo akikukuta na kiwiko wazi haulizi kitu, siku ya pili anakuja na sindano na uzi anajidai anashona la kwake. Sasa nyie walimu angalieni, hivyo vitabu vinatoa watu wa huruma au watu wa imani?

njia_ya_nyarugusu

Dada wa Mkunazini umeua. Nahifadhi hiyo.

Mwalimu Chaki, mi nafundisha Kasulu, nimekaa na watoto wa kambi ya wakimbizi na wa kijijini darasa moja kwa vipindi. Ulichofanya wengi tumefanya, usijipige sana. Ila ujue hata wenye shughuli hii wanakataza. Makumbusho ya Holocaust, yale mauaji ya Wayahudi, ya kule Washington kwenye mwongozo wao wa walimu wanasema msiwaigizishe wanafunzi mateso, kwa sababu mtoto akitoka pale anadhani amejua kumbe amecheza tu. Wahenga walishamaliza, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wewe ulitaka watoto wakilalie kitanda dakika tano alafu waseme wamewajua kunguni.

Mi huwa nafanya hivi. Simwambii mtoto "jifanye wewe ni yeye". Namwambia tafuta kwenye hii aya kitu kimoja kidogo ambacho usingekijua kama huyu mtu asingekiandika. Kimoja tu. Wengine wanaleta harufu, wengine kiatu. Hiyo inawafanya wakae kwenye nafasi yao ya kuambiwa, na ndo nafasi yao kweli. Na kamwe, nasema kamwe, usimgeukie mtoto wa kambini ukamwambia "hebu fulani tueleze ilikuwaje". Kuna mwenzetu alifanya hivyo na yule mtoto akabadilisha mkondo mwisho wa muhula. Akitaka kusema atasema, mara nyingi anasema kwenye daftari sio mdomoni.

chaki_na_vumbi

@njia_ya_nyarugusu asante sana mwalimu, naona tumekutana njiani maana hata mimi nimefika hukohuko ila kwa kujikwaa.

Sasa awamu ya pili. Nikaamua niende mbali, nikachukua kile kitabu chembamba cha Elie Wiesel kuhusu Auschwitz na Buchenwald, kambi za Wanazi alikofungwa. Kopi moja, ya kwangu, ina kava la selotepu. Naandika aya kwenye manila shiti usiku, naibandika ubaoni. Nilidhani watauliza mambo ya Hitler, hakuna aliyeuliza. Kilichowashika ni mtu ambaye yuko mwanzoni kabisa kabla hata ya kambi, anaitwa Moshe, fukara mmoja aliyekuwa anafanya vijikazi kwenye sinagogi la Sighet. Mji huo leo uko Romania, enzi hizo ulikuwa chini ya Hungaria. Wayahudi wa kigeni walifukuzwa mapema, yeye akiwemo, wakapakiwa kwenye treni, wakafikishwa msituni wakachimbishwa mashimo wakapigwa risasi. Moshe alipigwa mguuni akadhaniwa amekufa, akatoroka. Akarudi mjini. Akawa anapita nyumba hadi nyumba anawaambia watu nisikilizeni, sitaki hela, nisikilizeni tu. Hawakumsikiliza. Wengine wakasema amechanganyikiwa, na wengine, dada wa Mkunazini sikia hii, wakasema anatafuta kuhurumiwa. Wayahudi wa huo mji walikaa mpaka 1944 ndo wakabebwa wote, Wiesel akiwa na miaka 15.

Nikawauliza, mngemwamini? Darasa zima, ndiyo mwalimu. Mikono juu. Nikawaacha. Afu dogo mmoja, tena ni yuleyule wa tusi la sweta, akasema "mwalimu muongo, tusingemwamini, alikuwa maskini". Kimya kikaingia. Mwingine akasema "na alikuwa anachechemea". Kuna kijana mmoja huwa anakaa stendi yetu anaongea peke yake, watoto wanamrushia maganda ya miwa, nikaona kabisa wameanza kumfikiria ila mimi sikumtaja. Nilitamani sana kumtaja. Nikauma ulimi.

Kipindi kilichofuata nikasoma pale baba yake Wiesel anapodhani amechaguliwa kwenda kuuawa, anampa mwanae kisu na kijiko. Hivyo ndo vilikuwa urithi. Hapa nilitegemea machozi, sikupata. Nikapata mjadala wa kijiko. Kwa nini kijiko? Kwa sababu bila kijiko supu unainywaje, unaipiga kama mbwa. Kisu je? Cha kukatia mkate ugawe siku nzima, na cha kuuza. Wakakaa kwenye kijiko kipindi kizima, na kengele ilipogonga kijana mmoja wa kule mbele ambaye haongeagi akasema baba yake alimwachia simu ya tochi na laini ambayo haijasajiliwa kwa jina lake, mpaka leo anaichaji. Nikasema asante, tukatoka. Sikuongeza kitu.

Ila niliposoma pale wafungwa wanaponyolewa na kuvuliwa nguo watoto walicheka. Nisidanganye, walicheka sana tu.

kobe_wa_sakina

Shikamooni walimu. Mi ni dereva teksi mstaafu, Arusha, miaka ya 2000 nilikuwa napaki nje ya AICC, lile jengo la mikutano, pale mahakama ya UN ya mauaji ya Rwanda ilipokuwa. Nikikosa abiria nilikuwa naingia kusikiliza, ilikuwa bure, unakaa nyuma ya kioo unavaa hedifoni unachagua lugha, Kingereza, Kifaransa au Kinyarwanda. Shahidi anakuwa nyuma ya pazia, jina hakuna, anaitwa kwa herufi tu. Siku moja wakili anamuuliza mama mmoja ulijificha mita ngapi kutoka barabarani. Mama anasema karibu. Mita ngapi? Karibu, nilikuwa naona viatu vyao. Wakili anarudia mita ngapi. Ile siku niliiacha hedifoni nikatoka nje nikakaa kwenye gari, abiria akaja nikamwambia sina mafuta.

Nataka kusema mambo mawili. Moja, mwalimu umesema Benaco kana kwamba wote waliovuka walikuwa wahanga. Wengi wa walionusurika hawakuvuka Rusumo, waliovuka wengi walikuwa wanakimbia RPF, jeshi la waasi lililokuwa linaiteka nchi, na ndani yao walikuwemo waliochinja. Gatete, aliyekuwa meya wa Murambi, alikuwa pale Benaco, na mahakama hiihii ilikuja kumtia hatiani 2011. Sasa utawafundisha watoto wamwonee nani uchungu?

Pili, kitabu ni kitabu, mtu anaweza kutunga. Kuna yule Mswisi aliyejiita Wilkomirski, 1995 alitoa kitabu cha utoto wake kwenye kambi za Wanazi, kikapewa mpaka tuzo, baadae ikaja kujulikana hakuwahi kukaa huko na wala sio Myahudi. Mahakamani angalau kuna mtu anakuuliza mita ngapi.

ticha_wa_nakuru

Salamu kutoka Kenya. @kobe_wa_sakina mzee wangu, hiyo ya mita ngapi imenikalia.

Hapa kwetu neno lenu la mkimbizi sisi tunasema IDP, yaani mkimbizi wa ndani ya nchi yake. Mtoto akivaa uniform kubwa anaitwa IDP. Hawa hawakuwa wamezaliwa 2007, hawajui kura ilileta nini, Kiambaa kanisa lilichomwa na watu ndani tarehe 1 Januari 2008 na tume ya Waki iliyochunguza hizo ghasia ikahesabu wafu 1,133 nchi nzima, lakini neno wanalo mdomoni kama bigijii. Mimi siwezi kusoma kitabu cha mambo yetu darasani, nimejaribu, nikifungua tu unaona macho yanaanza kutafutana, huyu ni wa kabila gani, mwalimu ni wa kabila gani, na jioni mzazi amepiga simu kwa deputy. Kwa hivyo nasoma za mbali makusudi. Mtoto wa Nakuru hana mjomba Poland. Hapo anaweza kusema ukweli kuhusu jirani aliyenyamaza bila kuhisi anamshtaki babake. Wenyewe wanatembea wanafika kwetu, mimi siwaongozi, na wakifika sipigi makofi.

Lakini Mwalimu Chaki wewe hujaenda mbali sana, huyo msichana wa Burundi bado yuko darasani. Umempangia nini?

chaki_na_vumbi

Mzee Kobe marahaba, yaani shikamoo wewe, nimechanganyikiwa na hiyo stori yako.

Kuhusu Benaco uko sahihi na niliandika kizembe. Nimeipeleka darasani hivyohivyo, kwamba foleni ile ilikuwa na bibi aliyebeba mjukuu na nyuma yake aliyeua mjukuu wa mtu, na aliyekuwa anagawa maji hakuweza kuwatofautisha. Waliniuliza "sasa mwalimu huyo muuaji apewe maji asipewe?" Walibishana mpaka nje. Sikuwapa jibu maana sina. Ila naona kumsikia manusura hakulazimishi kumpenda kila mwenye godoro kichwani, kinachotakiwa ni uache kufanya jina la watu laki mbili na nusu kuwa tusi.

La Wilkomirski nimelipenda, naenda kulisoma nao. Nadhani watamkamata wenyewe wakizoea kuuliza maswali ya kijiko.

@ticha_wa_nakuru binti tumekubaliana na mama yake. Ijumaa hizo ana ruhusa ya kwenda maktaba bila kuaga, na hakuna anayeuliza kwa sababu nimewapa ruhusa hiyo wote 64. Mara ya kwanza alikwenda. Siku ya kijiko alibaki, alikaa karibu na mlango. Hajasema kitu na mimi sijamuuliza kitu.

msomi_wa_freretown

Mimi nina kero moja na nyinyi nyote. Auschwitz, Washington, Kigali. Kwani Kiswahili hakina manusura? James Mbotela, mtoto wa mtumwa aliyeachwa huru, aliandika Uhuru wa Watumwa, kimetoka 1934, kwa Kiswahili safi, kinaeleza watu walivyokamatwa bara, wakapakiwa jahazini, mpaka wakakombolewa na kuletwa hapa Freretown Mombasa kijiji kilichoanzishwa na wamisheni 1875. Hakihitaji manila shiti wala tafsiri. Na J.M. Kariuki aliandika jinsi alivyoishi kwenye kambi za vizuizi za Waingereza, 1963. Mnapita mbali na vya nyumbani vipo.

dada_wa_mkunazini

Msomi, Mbotela nimemsoma na bibi yangu alikuwa nacho. Lakini kisome na mtu mwenye jicho, maana pale Mwingereza ni malaika na Mwarabu ni shetani mwanzo hadi mwisho, ukimpa mtoto wa Unguja bila kumwambia nani alichapisha na wakati gani utatoa tusi jengine tu badala ya mkimbizi.

msomi_wa_freretown

Kweli dada. Lakini hilo nalo si somo?

dada_wa_mkunazini

Somo. Ila si la Ijumaa kipindi cha mwisho 😂

mzee_wa_necta

Nimekaa kimya nasoma. Mwalimu hiyo ya kijiko utaiandikaje kwenye lesson plan?

chaki_na_vumbi

Mzee nimeandika "students are able to infer from details". Mkaguzi alisaini.

@msomi nimekuelewa na nakitafuta hicho cha Mbotela, mwenye nakala anisaidie. Ila wacha niseme kwa nini sasa hivi nimeshika cha Clemantine Wamariya. Huyu alikimbia Rwanda 1994 akiwa na miaka sita na dada yake, wakazunguka nchi saba ndani ya miaka sita, Tanzania ikiwemo, wakaishia Chicago mwaka 2000. Huko akiwa sekondari akaingia shindano la insha la Oprah, yule mtangazaji wa TV wa Marekani, na kitabu cha kuandikia insha kilikuwa hikihiki cha Wiesel. Akashinda. 2006 wakamwita kwenye kipindi, wakamtolea wazazi wake ambao hakuwaona miaka 12, hapohapo mbele ya kamera. Watoto wangu waliposikia kwamba binti aliyepita nchi hii alisoma aya zilezile walizoziona ubaoni, walinyamaza kidogo afu mmoja akauliza "sasa mwalimu wale wa TV walimuuliza kwanza kama anataka kuonwa akilia?" Mtoto wa kidato cha tatu. Nikafikiria ile mistari yangu ya chaki.

Na kuna kitu kingine kwa Wamariya. Yaya wake alikuwa akimsimulia hadithi ya msichana, kila akifika mahali anasimama anamuuliza, unadhani kilitokea nini baadae? Na chochote mtoto anachosema ndo hadithi inafuata. Nimeuiba huo mtindo. Nasoma nusu aya, nauliza kilitokea nini, wanatabiri, afu nafunua manila. Wakikosea ndo wanasoma kwa makini, kwa sababu wanataka kujua walikosea wapi kumdhani huyo mtu. Nimeona hapo ndo kazi inafanyika, pale mtoto anaposema "aah kumbe".

Tusi halijaisha, nisiwadanganye. Jana tu nimelisikia kwenye foleni ya uji. Ila aliyelisema aliangalia nyuma kwanza kama kuna mtu.

njia_ya_nyarugusu

Kuangalia nyuma ni kitu mwalimu, chukua hicho. Na wa hapohapo kijijini je? Kuna wazee waliona 1994, hao nao ni kitabu.

chaki_na_vumbi

Nimeshaenda. Kuna bibi anaishi nyuma ya shule, shamba lake lilikuwa kandokando ya njia. Nilimkuta anaanika mihogo. Nikamweleza yote, vitabu, watoto, tusi, akanisikiliza vizuri mpaka mwisho afu akaniuliza, hao wanafunzi wako watanilipa maharage yangu? Kumbe alikuwa na ekari nzima ya maharage imekomaa, watu wakalala juu yake usiku mmoja, asubuhi hakuna jani, na mti wa mvule aliopanda baba yake ukaenda kuni wiki ileile, na hakuna shirika wala serikali iliyokuja kumuuliza. Miaka thelathini na moja hakuna aliyemuuliza. Nikamwambia bibi mimi ndo nakuuliza. Akasema atakuja Ijumaa ijayo ila ataanza na maharage, na asikatishwe.

Nimemwambia aanze na maharage.